Nywele za Pele: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vioo vya Volkano vya Hawaii na Majina Yake

Kila mlima Kīlauea unaporusha moto, picha za nyuzi za rangi ya dhahabu zilizotapakaa barabarani na juu ya magari huzunguka mitandaoni, na maswali huanza upya. Haya hapa ndiyo yanayorudi sana. Mengine yana majibu marefu kwa sababu mambo yenyewe ni marefu. Mengine yanatosha sentensi mbili.

Pele ni nani?

Kwanza tuliondoe hili njiani: si yule wa mpira, wala si pele za kujikuna. Pele ni mungu wa kike wa moto na volkano katika imani ya asili ya Wahawaii. Maskani yake ni Halemaʻumaʻu, kasoko iliyo kileleni mwa Kīlauea, katika kisiwa kikubwa ambacho ndicho chenyewe hasa huitwa Hawaii.

Simulizi husema alitoka Kahiki, nchi ya mbali ng'ambo ya bahari, akiwa na nduguze. Kila alipofika kisiwa alichimba shimo kwa fimbo yake, Pāoa, atafute pa kuweka moto wake. Dada yake Nāmakaokahaʻi, mwenye bahari, alimfuata nyuma akiyajaza maji mashimo hayo. Alianza Kauaʻi, akaja Oʻahu, Molokaʻi, kisha Maui, hadi alipofika Kīlauea, bahari ikashindwa kumfuata juu. Wanajiolojia walipokuja kupima umri wa visiwa walikuta Kauaʻi ina miaka milioni 5 hivi, na kisiwa cha Hawaii hakijatimiza hata milioni 1. Mpangilio ni uleule wa safari ya Pele. Watu waliokuwa wakitazama miamba iliyochakaa upande mmoja na miamba mibichi upande wa pili hawakuhitaji maabara kujua kipi kilitangulia.

Jambo moja la kuzingatia unapoandika: sema Pele "ni", usiseme "alikuwa". Zipo koo za Wahawaii zinazohesabu nasaba yao hadi kwake, na nyimbo na ngoma za hula zinazomhusu bado huchezwa ukingoni mwa kasoko.

Kioo cha volkano ni nini hasa?

Lava ikipoa taratibu, madini yaliyomo hupata muda wa kujipanga yakawa fuwele. Ikipoa ghafla, muda huo haupatikani. Kila kitu hugandia pale kilipokuwa, bila mpango. Mwamba wa namna hiyo ndio kioo. Kioo cha dirishani nacho kimegandishwa hivyohivyo, ila kiwandani.

Watu wengi wakisikia kioo cha volkano hufikiria obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa lenye makali kama wembe. Obsidiani ya kawaida hutokana na lava nzito yenye silika, ile kemikali kuu ya mchanga na ya kioo, zaidi ya asilimia 70. Lava ya Kīlauea ni basalti. Silika yake ni kama asilimia 50, nayo hutiririka kirahisi. Hiyo haigandi kuwa bonge kubwa la kioo. Hugeuka kioo pale tu ilipo nyembamba mno kiasi cha kupoa mara moja: katika uzi, katika tone, katika utando, katika ngozi ya juu ya mtiririko. Ndiyo maana majina mashuhuri ya vioo vya Hawaii karibu yote ni ya vitu vyepesi vinavyopeperuka.

Nywele za Pele hutokeaje?

Aliyewahi kupika kaimati ataelewa upesi. Shira ikikolea, ukiinua mwiko inavuta uzi, na uzi ule ukikutana na hewa unakauka ukiwa bado unaning'inia. Sasa badala ya shira weka mwamba ulioyeyuka wenye joto la nyuzi 1,150 hivi za Selsiasi, na badala ya mwiko weka gesi.

Lava inapopanda, gesi iliyomo hutanuka na kuirusha juu kama chemchemi. Matone huachana angani. Tone linapojitenga na jenzake, au povu linapopasuka juu ya ziwa la lava, katikati hubaki mkia mwembamba unaovutika haraka. Upepo huuvuta zaidi. Kabla haujaanguka umeshaganda, na ni kioo. Nyuzi nyingi ni nyembamba kuliko unywele wa mtu, nyingine hufikia urefu wa mita 2, na rangi yake ni ya dhahabu au kahawia ya asali. Kwa wepesi wake, upepo waweza kuzipeleka kilomita nyingi kutoka kwenye kasoko. Hukusanyika mafungu kwenye nyufa za miamba, kwenye nyaya, kwenye matawi.

Mwaka 1959 kasoko ndogo ya Kīlauea Iki ilirusha lava hadi mita 580, rekodi ya Hawaii hadi leo katika vipimo vya enzi hizi. Tangu tarehe 23 Desemba 2024, Halemaʻumaʻu imekuwa ikirusha chemchemi kwa vipindi, baadhi zikipita mita 300, na wakazi wa karibu wameokota nywele hizi katika nyua zao.

Viwandani, ile pamba ya mawe inayowekwa kwenye kuta kuzuia joto hutengenezwa kwa njia inayofanana sana: mwamba unayeyushwa, kisha unarushwa au kupulizwa ukawa nyuzi.

Kwa nini wenyeji waziite nywele? Si ni nyuzi tu?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake liko kwenye herufi moja.

Jina la Kihawaii ni *lauoho o Pele*. Lauoho ni nywele za kichwani, si malaika ya mkononi wala manyoya ya mnyama. Katika mila ya Wahawaii kichwa ni kitakatifu, na nywele zake hubeba *mana*, ile nguvu isiyoonekana ya mwenye nazo. Kwa hiyo tayari jina limechagua sehemu nzito ya mwili.

Lakini tazama hiyo "o". Kihawaii kina njia mbili za kusema kitu ni cha nani. Kuna "a", kwa vile alivyovipata au kuvitenda mtu mwenyewe: watoto wake, mwenzi wake, kazi ya mikono yake. Na kuna "o", kwa vile asivyoweza kutengana navyo: viungo vya mwili, wazazi, nchi yake, nyumba yake. Nywele za Pele zimewekwa kwenye "o". Sarufi yenyewe inasema kwamba uzi ule si kitu alichokifuma Pele akakitupa. Ni wa mwili wake. Kwa Kiswahili tunaposema "nywele za Pele", hiyo "za" haitofautishi; ingeweza kuwa nywele kichwani pake au nywele za bandia alizonunua. Tafsiri yetu ni sahihi, na bado imepoteza kitu.

Jina si la juzi. William Ellis, mmisionari wa Kiingereza aliyezunguka kisiwa hicho mwaka 1823, alikuta wenyeji wakiziita hivyo na akaandika. Baadaye wanajiolojia walilichukua jina wakalifanya la dunia nzima, kiasi kwamba hata nyuzi zinazookotwa katika nchi ambazo hazijapata kusikia habari za Pele huitwa nywele zake. Waaislandi wana la kwao: *nornahár*, nywele za wachawi.

Na machozi ya Pele?

Ni tone lenyewe. Mkia ukiganda ukawa unywele, kichwa cha tone huganda kikawa chozi jeusi linalong'aa, la mviringo au lililochongoka, dogo kama punje. Mara nyingine vyote viwili huanguka vikiwa bado vimeungana, na hapo mtu hahitaji maelezo zaidi.

Kwa watafiti machozi ni hazina. Kwa kuwa yameganda papo hapo, yamehifadhi kemia ya lava ilivyokuwa wakati ikitoka. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Hawaii, kilichoanzishwa mwaka 1912, hukusanya vioo hivi baada ya mlipuko na kuvipima ili kujua kama lava ni mpya kutoka chini au ni masalio ya zamani yaliyosukumwa nje.

Limu o Pele ni nini? Nimeona ikitafsiriwa "mwani wa Pele".

Tafsiri ni hiyo, na kwa msomaji wa pwani ni tafsiri tamu. *Limu* kwa Kihawaii ni mwani, pamoja na mimea mingine inayofanana nao. Tofauti ni kwamba Zanzibar mwani hulimwa zaidi kwa kuuzwa nje, wakati Hawaii limu ni kitoweo: huchanganywa na samaki mbichi na chumvi, na kila aina ina jina lake na ufuo wake.

Limu o Pele huzaliwa pale moto unapokutana na bahari. Mtiririko wa lava unapoingia majini, maji hunaswa ndani ya lava na kugeuka mvuke kwa ghafla. Mvuke huivimbisha lava ikawa povu kubwa lenye ngozi nyembamba, kama mtoto anavyopuliza povu la sabuni. Ngozi hiyo hugeuka kioo, hupasuka, na vipande vyake hupeperuka kama majani makavu. Ukikiinua kipande juani kinapitisha mwanga, rangi yake kijani cha zeituni au kahawia, na kimejikunjakunja pembeni. Ukikibana vidoleni, kimekwisha.

Mtu anaweza kusema jina limetokana na kufanana tu. Mimi naona zaidi ya hapo. Katika simulizi, bahari ni ya Nāmakaokahaʻi, adui wa Pele na dada yake wa damu. Kitu kinachozaliwa mpakani mwao kimepewa jina la mmea wa baharini, kisha kikaandikwa kuwa mali ya mwenye moto. Sijui jina jingine la kijiolojia linalobeba ugomvi wa kifamilia kwa maneno matatu.

Lile jiwe jepesi kama dodoki linaitwaje?

Wanajiolojia huliita retikulaiti. Ni povu la kioo ambalo kuta zote za vipovu zimepasuka, zikabaki fito tu, wavu mtupu. Zaidi ya asilimia 95 yake ni nafasi tupu. Hutokea chemchemi za lava zinapokuwa ndefu sana.

Wengi hulichanganya na lile jiwe la kusugulia nyayo. Njia rahisi ya kuyatofautisha ni beseni la maji. Jiwe la nyayo huelea, kwa sababu vipovu vyake vimefungwa na vina hewa. Retikulaiti, ingawa ni jepesi kuliko yote, huzama: maji hupenya kila tundu.

Pāhoehoe na ʻaʻā nazo ni vioo?

Hayo ni majina ya aina za mtiririko wa lava, na yote mawili ni ya Kihawaii yaliyoingia katika vitabu vya dunia nzima. Pāhoehoe ni laini, yenye mikunjo kama kamba zilizolazwa. ʻAʻā ni vifusi vyenye ncha vinavyochana viatu. Pāhoehoe ikiwa mbichi huwa na ngozi ya kioo yenye kung'aa juu yake. Ndiyo ile inayolia kama vigae ukiikanyaga.

Wahawaii wa kale walikitumia kioo hiki kwa kazi?

Nywele na limu hazifai kazi. Lakini vipande vya kioo vilitumika kukatia na kukwangulia, na wanaakiolojia huvikuta tele kwenye makazi ya zamani, vingi vikiwa vidogo kama kucha.

Chanzo maarufu ni Puʻu Waʻawaʻa, kilima kwenye mteremko wa volkano ya Hualālai. Jina lake lamaanisha kilima chenye mifereji, na kweli kimechimbika pande zote kama keki iliyofinywa. Kilizuka zaidi ya miaka 100,000 iliyopita kutokana na trakiti, lava yenye silika nyingi kuliko basalti ya jirani, na ndiyo maana kilitoa kioo kizito cha kuchongeka. Kemia yake haifanani na ya mahali pengine visiwani, kwa hiyo kipande kikiokotwa mbali, watafiti hujua kimebebwa kutoka hapo.

Kwa mashoka, kioo hakikufaa, kinavunjika. Mafundi walipanda mlima Mauna Kea, juu kabisa kwenye baridi, kuchonga basalti ngumu yenye punje ndogo sana.

Ni hatari kuzigusa?

Ndiyo. Ni kioo, hata kama zinaonekana kama hariri. Hukatika vipande vidogo vinavyochoma ngozi kama miiba ya upupu, ila upupu huwasha ukapoa. Hivi hubaki ndani. Vikiingia jichoni usisugue, suuza kwa maji mengi. Usivivute puani.

Katika wilaya za Puna na Kaʻū nyumba nyingi hutegemea maji ya mvua yanayokingwa kutoka paani. Nywele zikianza kuanguka, wakazi hushauriwa kutenganisha mabomba ya paa na tangi mpaka paa lisafishwe. Wafugaji nao huwa na wasiwasi, maana ng'ombe hula nyasi pamoja na kioo kilicholala juu yake.

Naweza kuokota kidogo nirudi nazo nyumbani? Na ile laana ni ya kweli?

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano za Hawaii, iliyoanzishwa mwaka 1916, kuchukua jiwe lolote ni kosa kisheria. Jibu limeishia hapo.

Kuhusu laana: inasemekana anayebeba jiwe la Pele hupatwa na mikosi. Kila mwaka hifadhi hupokea vifurushi vya mawe yaliyorudishwa kwa posta, vikiwa na barua za kuomba radhi: ndoa imevunjika, gari limegongwa, kazi imepotea. Simulizi hii, kwa namna inavyoelezwa kwa watalii, ni ya karne ya 20. Si mila ya kale. Mbaya zaidi, inamgeuza Pele kuwa jini wa kutisha wageni.

Mila yenyewe ni ya adabu zaidi. Mfano ni matunda mekundu ya ʻōhelo yanayoota kando ya Kīlauea: desturi ni kumpa Pele kwanza, ndipo nawe ule. Adabu hiyo ilikuwa nzito kiasi kwamba mwaka 1824, Kapiʻolani, mwanamke wa ukoo wa machifu aliyeingia Ukristo, alipotaka kuonyesha hamwogopi tena Pele, alichofanya ni kwenda ukingoni na kuyala matunda yale bila kumtolea. Wageni wa leo huacha chupa za pombe, sarafu na mawe yaliyofungwa kwenye majani wakidhani ndiyo heshima. Kwa walinzi wa hifadhi ni takataka za kuzoa.

Afrika Mashariki na Kati tunazo?

Nywele tunazo. Nyiragongo na Nyamulagira, karibu na Goma nchini Kongo, zina lava yenye silika chache na nyepesi mno kutiririka. Ile ya Nyiragongo ndiyo iliyoshuka hadi mjini tarehe 17 Januari 2002, ikashuka tena hadi pembezoni mwa mji tarehe 22 Mei 2021. Milima yote miwili hutoa nyuzi za kioo, na watu wa huko wanaolala na kuamka chini yake hawahitaji kusafiri Hawaii kuziona.

Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ni kinyume chake. Nao ni mlima wa Mungu, kwa Wamaasai, lakini lava yake ya kisasa ni ya kaboneti, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu na karibu haina silika. Bila silika, kioo hakipatikani. Lava hiyo hutoka nyeusi, ikaguswa na unyevu, ikageuka nyeupe.

Na kwa obsidiani, hapo Hawaii ni maskini mbele ya Naivasha. Kwenye korongo la Hell's Gate na mlima Eburru nchini Kenya imejaa tele, na huko Olorgesailie zana za obsidiani zina umri wa miaka 300,000 hivi, zikiwa zimebebwa kutoka mbali.

Nitamkeje majina haya?

Una bahati. Vokali za Kihawaii ni zilezile tano za kwetu, kila moja husomwa, na mkazo mara nyingi uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Alama ʻ ni mkato wa sauti kooni. Aliyesoma chuoni aifikirie hamza. Mstari juu ya vokali huirefusha. Basi ʻaʻā ni silabi mbili zenye mkato, ya pili ndefu. Alama hizo si mapambo. Ukiziacha unaweza kupata neno jingine.

Kwa Kiswahili nitumie jina lipi?

Ningetanguliza la Kihawaii, kisha tafsiri: lauoho o Pele, yaani nywele za Pele, limu o Pele, yaani mwani wa Pele. Pele kwa herufi kubwa, tafadhali, kwa sababu ile ya kujikuna.

Majina mapya bado yanatolewa?

Yanatolewa. Mlipuko wa mwaka 2018, ulioanza tarehe 3 Mei na kuteketeza nyumba zaidi ya 700 upande wa Puna, ulijenga kilima kipya ambacho kwa miaka kadhaa kiliitwa kwa namba tu: ufa wa 8. Mwaka 2021 bodi ya majina ya kijiografia ya Hawaii ilikipa jina Ahuʻailāʻau, madhabahu ya ʻAilāʻau. Huyo ni mungu wa moto aliyekuwapo kabla ya Pele. ʻai ni kula, lāʻau ni miti. Simulizi husema Pele alipofika, Mla-miti alimwona akakimbia. Sasa amerudishiwa kilima.

Mwaka huohuo volkano ya chini ya bahari iliyo kusini mashariki mwa kisiwa, iliyokuwa ikiitwa Lōʻihi, yaani ndefu, ilipewa jina Kamaʻehuakanaloa: mtoto mwekundu wa Kanaloa, mungu wa bahari. Jina hilo halikutungwa mezani. Lilikuwamo katika nyimbo za kale zinazomhusu Pele. Kilele cha mtoto huyo bado kiko karibu mita 1,000 chini ya maji, na kwenye miteremko yake, kuliko na giza tupu, watafiti wameokota vipande vyembamba vya kioo. Ni limu o Pele.